Moyo Mmoja Katika Vidole Vitatu

Baridi ya Mawindi mwaka ule wa elfu mbili sabini na moja ilikuwa ya kutema mate yakafika chini yakiwa changarawe. Sisemi mimi, wanasema waliotema. Jogoo wa mchungaji aliwika alfajiri, sauti ikaganda hewani, tukaisikia saa tatu jua lilipoiyeyusha. Hilo siliapii. Ninaloliapia ni hili la Tulalumba Mgaya na vidole vyake vitatu, kwa kuwa nilikuwa mfagiaji wa vumbi la mbao pale kiwandani. Na pale ambapo sikuwepo, alinisimulia mwenyewe, na yeye si mwongo kama mimi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliingia banda la msumeno, akavua glavu ya mkono wa kulia, akavipuliza vidole, akavilaza juu ya mkanda.

Mkanda wenyewe ni utepe wa chuma wenye meno, mita tisa mzunguko wake, umevishwa kwenye magurudumu mawili yaliyozidi kimo cha mtu. Ukiwashwa hupasua gogo la paina kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Adui yake ni ufa. Ufa huanzia kwenye shina la jino, mwembamba kuliko unywele, na siku ukichoka kukaa kimya, mkanda hukatika. Darini tulikuwa na jicho la umeme la kuutafuta huo ufa, ila liliuona tu ukishafika urefu wa ukucha. Chini ya hapo lilikuwa kipofu anayejisifu kuona. Kiwanda cha bonde la pili kililiamini jicho lao. Mkanda ukatoka, ukalizunguka banda zima kama nyoka aliyepigwa mkia, wakazikwa watu wawili. Tangu hapo, sisi wa Mawindi tuliamini kidole cha Tulalumba.

"Haya, njooni," alinong'ona, akabonyeza kifundo cha mkono mara moja.

Chini ya ngozi ya kile kifundo ilikaa kokwa, ndogo kama punje ya dengu. Alisubiri joto. Kwa kawaida lilikuja mara moja, likimwagika toka kiganjani kwenda kwenye ncha, na vidole vilivyokuwa vyeupe kama mihogo iliyomenywa vikapata rangi ya mtu. Siku ile lilichelewa. Akahesabu mpaka thelathini. Miiba ikaanza, ile miiba anayoijua kila aliyeshonewa kidole: kwanza ganzi, halafu mchomo, halafu maumivu yanayopanda mpaka kwenye meno ya mdomoni. Hatimaye joto likafika.

Lakini lilifika na kitu ndani yake.

Joto la siku zote lilikuwa halina mwenyewe. Lilitoka kwa watu wengi, mioyo mingi, mapigo yamechanganyika kama mvua juu ya bati. Hili la leo lilikuwa la moyo mmoja. Aliusikia katika vidole vitatu kama mtu anayetembea chumba cha pili. Du-du. Du-du. Du-du. Kimya. Du.

Tulalumba akasimama, mkono juu ya chuma.

"Vipi huko?" sauti ya Mzee Kyando, msimamizi wetu, iliita kutoka mlangoni. "Umelala juu ya mkanda?"

"Napima!"

"Pima basi, usiubembeleze. Puto linashuka."

Magogo yetu yalishushwa na puto kutoka mlimani, na puto halimngoji mtu; upepo ukiamka saa nne, hakuna tena kazi ya kushusha. Tulalumba akaendelea kuzunguka, jino kwa jino, moyo wa mtu ukimpiga kwenye vidole, du-du, du-du, kimya, du. Hakuna ufa. Akatoa mkono, akachukua tupa, akaigonga nguzo ya chuma mara tatu. Ngo. Ngo. Ngo.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya banda. Bila milio mitatu mtu wa swichi hawashi, hata aje waziri na kamera zake.

Mtu wa swichi alikuwa Asheri Sanga, mume wa mdogo wake Tulalumba, shemeji yake halali wa kutaniana. Hawakutaniana. Miezi kumi na minne nyuma, Tulalumba aliigonga nguzo mara mbili tu, kukung'uta vumbi lililogandia kwenye tupa, mkono wa kulia ukiwa bado kati ya meno ya mkanda. Puto lilikuwa linashuka, Mzee Kyando anapiga kelele. Asheri akasikia mbili, ya tatu akaimalizia kichwani mwake mwenyewe. Akawasha.

Cha shahada, cha kati na cha pete. Asheri ndiye aliyeviokota. Alivifunga kwenye leso safi iliyoloa, leso akaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akauweka juu ya barafu kwenye ndoo, kama tulivyofundishwa. Na kwa kuwa barabara iliteleza na gari haikupanda, alimbeba Tulalumba kifuani kama mtoto, kilomita mbili, mpaka kliniki. Pale mashine tunayoiita buibui ilishona mishipa kwa uzi usioonekana, na kabla ya saa sita vidole vilikuwa vimerudi kwao. Tangu siku ile Tulalumba hakumwambia shemeji yake neno. Ukiwakuta msibani, mmoja anakula huku, mwingine kule, na mdogo mtu katikati kama daraja lisilopitwa.

Mzee Kyando hakumwondoa Asheri kwenye swichi. "Aliyeungua ulimi," alisema, "ndiye anayepuliza uji." Basi kila asubuhi mwanamke yule alitia mkono kwenye meno yaleyale, na swichi ikashikwa na mtu yuleyule, na lugha yao ikabaki milio mitatu tu.

Asubuhi hiyo Asheri alisikia milio, akageuka, akaibonyeza swichi kwa kiwiko. Mikono ilibaki mfukoni. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwisho wa wiki. Sisi tulidhani ni maringo.

*

Dokta Mwanaidi Shaweji, mtaalamu wa mikono, alizaliwa Kilwa, na Mawindi aliletwa na barua ya uhamisho ambayo aliitaja kila siku kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo. Alivaa makoti mawili na kanga juu yake, na miguu aliiweka juu ya ukingo wa jiko la mkaa.

"Funga mlango, bibi wee! Unaingiza baridi yote hiyo."

Tulalumba akafunga. Akanyoosha mkono. Dokta akavishika vidole kimoja kimoja, akaviminya ncha, akaangalia rangi inavyorudi.

"Vina damu. Vinanawiri. Unalalamika nini?"

"Joto linakuja na moyo wa mtu."

"Mioyo, sema. Mko na watu arobaini."

"Moyo, Dokta. Mmoja."

Dokta akaacha kuminya.

Hapa lazima nieleze, maana kokwa haikuwa hita. Joto haliumbwi, huhamishwa tu. Kokwa mbili zilizokatwa kwenye jiwe moja hubaki ndugu: moja ikipoza damu ya huyu, nyingine hupasha damu ya yule, hata kama wako mbali kilomita tisa. Namna gani? Nilimuuliza mtaalamu aliyezileta, naye alipofika hapo akakohoa, akaomba maji. Kazi yake ilijulikana kuliko sababu yake. Mshipa ulioshonwa hausahau kisu; ukiguswa na baridi hujikunja kama konokono, damu ikakwama nje ya kidole, na neva iliyounganika nusu ikapiga kelele. Glavu humtuliza mtu, ila ndani ya glavu huwezi kusikia ufa. Maji ya moto hudanganya; kidole chenye ganzi huungua huku kinacheka. Ila ukimpa joto kutoka ndani, mshipa hufunguka.

Na joto la kumpa lilitoka kwetu. Huku kwetu kulimiana mashamba kwa zamu tunaita mgowe. Ukiitwa, unakwenda na jembe, unalima, unakunywa ulanzi wa mwenye shamba, unarudi kwako. Mwiko wake ni mmoja: mwenye shamba haulizi nani alikuja na nani hakuja. Anayeuliza, mwaka unaofuata analima peke yake. Basi walipojitolea watu arobaini kutiwa kokwa kwa ajili ya Tulalumba, kila mmoja atoe joto la kikombe kimoja cha chai, wataalamu walifunga ubao pale kliniki wenye taa arobaini na jina chini ya kila taa. Wazee walikuja wakautazama. Wakasema majina yafutwe. Yakafutwa. Wakasema na taa zifunikwe. Mama mchungaji akaleta kitenge, kikatundikwa, na kitenge kile hakikuguswa mwaka mzima.

Dokta alikuwa akikitazama sasa.

"Si mila yangu," alisema. "Kwetu tungeshafunua zamani, na tungeshagombana."

"Funua."

"Wewe ndiye mwenye shamba. Ukiuliza, utalima peke yako."

"Dokta, nahisi tayari analima mtu peke yake."

Dokta akashuka kwenye kiti, akashika pindo la kitenge, akaliinua kama anayeinua shuka ya maiti. Ubao ulikuwa mweusi. Taa thelathini na tisa zilikuwa zimezimika. Kwenye kona ya chini ilikuwepo moja, njano, ikipepesa.

Dokta akazipitia taa kwa macho, kutoka juu kwenda chini.

"Na mimi nimo," Dokta alisema polepole. "Ya saba kutoka juu, ile. Niliifunga mwezi wa sita. Miguu ilikuwa inanifa, bibi. Nikajua wamebaki thelathini na tisa."

"Kila mtu alijua wamebaki thelathini na tisa."

"Mpaka akabaki huyu." Akaigusa ile taa kwa kidole. "Sijui tangu lini. Ubao hauna kumbukumbu, mliukatalia."

"Anakuwaje mtu akitoa peke yake?"

"Kokwa inambana mishipa ili joto lake lije kwako. Dakika tano, kumi, si kitu. Kutwa nzima, siku baada ya siku, kwenye baridi ya kishenzi hii? Ncha za vidole zinakuwa nta. Halafu zinakuwa nyeusi. Zikishakuwa nyeusi, buibui hana cha kushona."

Tulalumba akarudisha mkono wake mwilini.

"Nikifunga yangu?"

"Bonyeza, hesabu ishirini bila kuachia. Inalala. Na ikilala haiamki ila baada ya siku tatu. Na hawa waliofunga ni vivyo hivyo: kuiamsha ni kubonyeza tena hesabu ishirini, kisha kungoja. Hata nikiwapigia ngoma kijiji kizima sasa hivi, ni siku tatu." Akakaa. "Kumjua ndiyo kazi. Taa haina jina."

"Namjua."

"Umemjuaje?"

"Moyo wake unaruka pigo moja kila baada ya matatu. Nimewahi kulala kifuani kwake."

Dokta akainua nyusi. "Eeh! Mume wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

Dokta Mwanaidi akashusha miguu yote miwili kutoka kwenye jiko. "Bibi, ya mishipa nayaweza. Hayo mengine, mchungaji yuko hapo juu."

Tulalumba akacheka, kicheko kikatoka kimekwaruza, akaeleza kilomita mbili zile. Alipomaliza hakuna aliyecheka tena.

*

Saa tisa ni saa ya chai, na watu hujibanza kwenye banda la boila. Asheri alikaa pembeni juu ya gogo, kikombe amekishika kwa vifundo vya mikono, kama mbwa anavyoshika mfupa. Tulalumba akaja akasimama mbele yake. Mimi nilikuwa na ufagio, nikaufagilia karibu.

"Shemeji," alisema.

Kikombe kikaanguka. Miezi kumi na minne!

"Naam," Asheri alijibu, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeitwa na hakimu.

"Vua glavu."

"Shemeji, hayo ya kuvuana mbele za watu, mdogo wako atasemaje?"

Alijaribu utani. Maskini, alikuwa ameutunza muda mrefu ukachacha. Tulalumba hakutabasamu. Aliushika mkono wake, akaivuta glavu, na Asheri hakuwa na nguvu ya kuizuia.

Nimeona mengi kiwandani. Vidole vya Asheri vilikuwa vya rangi ya mshumaa, vimekauka, vimeng'aa. Cha mwisho, kwenye ncha, chini ya ukucha, kilikuwa na kivuli cha samawati kinachoelekea kwenye weusi.

"Tangu lini?"

"Sijui. Siku kama tisa. Niliona joto langu linavutwa kwa nguvu, nikajua wenzangu wamepungua."

"Ukanyamaza."

"Ni mgowe, Shemeji. Unasemaje kwenye mgowe? Unasimama katikati ya shamba unapiga kelele, 'Jamani niko peke yangu'?"

"Ndiyo! Unapiga kelele!"

"Basi hujalelewa," alisema, na safari hii utani ukatoka mzima, kwa bahati mbaya. Tulalumba nusura acheke, akakasirika zaidi kwa sababu hiyo.

"Funga kokwa yako, Asheri. Sasa hivi, nikiona."

"Sifungi."

"Vitakatwa!"

"Kesho ni maputo matatu. Sita wale watasimama mbele ya mkanda, kifua wazi." Alionyesha kwa kidevu wenzetu waliokunywa chai. "Kidole chako kikiwa na ganzi nani ataona ufa? Lile jicho?" Akatazama mikono yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. "Mimi siku ile nilivikuta vitatu kwenye vumbi. Vilikuwa bado vya moto. Ukivishika vilikuwa vya moto, Shemeji. Sasa kila asubuhi nakusikia unaingia, nakusikia unavipuliza. Nikiwa na la kufanya, nifanye nini, nisimame tu?"

Tulalumba akafungua mdomo. Kwa miezi kumi na minne alikuwa ametunga maneno ya kumwambia mtu huyu, maneno mazuri, makali, yaliyonolewa kwa tupa. Yote yakamkimbia. Akaivisha glavu ile, taratibu, kidole kwa kidole, kwa kuwa mwenyewe hakuweza.

"Kama hufungi wewe, nitafunga mimi," alisema.

"Kabla ya kesho?"

Akawatazama wale sita. Mmoja alikuwa akilamba sukari kwenye kijiko. Akaenda zake.

*

Kesho yake baridi iliongeza chumvi. Mlango wa banda tuliufungua kwa nyundo.

Tulalumba hakuwa amefunga. Alinieleza baadaye kwamba alikaa kitandani na kidole gumba juu ya kifundo, akihesabu mpaka kumi na tisa, akiachia. Kumi na tisa, akiachia. Akihesabu akawaza vifua vya watu sita. Akiachia akawaza kile kivuli chini ya ukucha. Kulipokucha alikuwa bado hajui. Akajiambia: nusu saa tu. Nipime mkanda kwa nusu saa, kisha nifunge. Nusu saa haimuui mtu.

Akavua glavu. Akabonyeza mara moja. Joto likaja kwa kusuasua, jembamba, na moyo ndani yake.

Upande wa pili wa banda, Asheri alisimama kwenye swichi, uso umegeukia ukuta.

Du-du. Du-du. Du-du. Kimya. Du. Akapima mita moja. Ya pili. Ya tatu. Vidole vilisoma chuma kama herufi. Kwenye mita ya nne moyo ukaruka, akasubiri. Haukurudi haraka kama siku zote. Kimya kikawa kirefu kuliko kilivyostahili. Tulalumba akageuza kichwa. Shemeji yake alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukuta.

Du, moyo ukarudi. Du-du.

Alikuwa ameshapima nusu ya mkanda, bado mita nne na nusu, dakika kumi na tano za kazi. Kitu fulani ndani yake kikamwambia, malizia.

Akaondoa mkono kwenye mkanda, akakikandamiza kifundo. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye kumi na mbili moyo ukaanza kufifia, kama mtu anayeondoka nyumbani kwako akikanyaga taratibu asikuamshe. Kumi na nane. Kumi na tisa. Safari hii hakuachia. Ishirini.

Vidole vikafa mara moja. Upande wa pili Asheri akatoa sauti, "Aaah!" na kuikumbatia mikono makwapani, maana damu inaporudi huchoma kuliko ilivyoondoka. Machozi yalimtoka yakaganda kwenye ndevu, hilo naliapia.

"Umefanya nini?" alisema. "Shemeji, umefanya nini?"

Mzee Kyando akaingia, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. "Bado? Puto la kwanza limeshavuka kilima! Upepo leo unaamka saa tatu, siyo saa nne. Ukinikuta na magogo angani, nitakwenda kuyaokota Mbeya!"

"Nimepima nusu, Mzee."

"Pima nusu ya pili."

Tulalumba akavilaza vidole juu ya chuma, mbele yake, avione. Akavisogeza. Chuma kilikuwa kama si kitu. Kama kugusa jina la chuma.

"Sisikii."

"Husikii nini?"

"Chochote. Kokwa nimeifunga. Jua likipanda juu ya kilima saa tano, vidole vitaamka vyenyewe kwa muda wa saa mbili hivi. Nitapima hapo."

"Saa tano! Saa tano upepo unavua paa!" Mzee Kyando akamsogelea, akashusha sauti, na akawa mwema, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mwanangu. Jana ulipima wote, ulikuwa mzima. Leo umepima nusu, nzima. Hii nusu iliyobaki ni pacha wake. Mkanda mmoja, kiwanda kimoja, umri mmoja. Puto likivunjika kamba kule juu, kuna watu wawili ndani yake. Hao hawana haki? Gonga tu, mwanangu."

Kwa hilo hakudanganya. Puto lilikuwa juu, na watu wawili ndani yake. Likishushwa na mkanda usiwashwe, magogo yangejaa uwanjani, na puto la pili lisingepata pa kutua. Lingelazimika kukata mzigo na kurudi. Mzigo mzima wa siku ungeishia korongoni. Watu wa puto hilo wangerudi salama, lakini wangerudi kwa huruma ya upepo.

Wale sita walikuwa wameshajipanga mbele ya mkanda, ndoano mikononi. Aliyelamba sukari jana alikuwa akipiga miayo.

Mkono wa kushoto wa Tulalumba ukachukua tupa. Sijui kama aliutuma. Ukainuka.

Ngo.

Wale sita wakashika ndoano vizuri. Mzee Kyando akapumua.

Ngo.

Asheri akageuka kutoka ukutani. Mikono makwapani, kiwiko kimeinuliwa mbele ya swichi, nusu shubiri. Wakatazamana yeye na shemeji yake, na banda lote likawa linangoja mlio mmoja, kama siku ile, vumbi lilelile, sauti ileile ya upepo unaojikohoza nje.

Tulalumba akaishusha tupa. Akaitia mfukoni mwa koti. Akafunga na kifungo.

"Ya tatu iko wapi?" Mzee Kyando aliuliza.

Akamgeukia mtu wa swichi.

"Asheri! Washa! Si umesikia?"

Kiwiko kilikuwa palepale.

"Nimesikia mbili, Mzee," alisema.

Akashusha kiwiko.

Mzee Kyando alitukana kwa Kikinga, akatukana kwa Kibena, akatoka nje mbio kuwapungia bendera nyekundu watu wa puto. Tulalumba akavuka banda. Akamtoa Asheri glavu, akafungua koti lake mwenyewe, akaichukua mikono ile ya nta na kuitia makwapani mwake, huku na huku, na yeye vidole vyake vitatu akavitia shingoni mwa shemeji yake chini ya skafu. Asheri akaruka.

"Mama yangu! Barafu!"

"Nyamaza. Hujalelewa?"

Wakasimama hivyo, wakingoja jua. Kama ufa ulikuwepo kwenye ile nusu, hakuna aliyejua bado.

Ndipo nikaona jambo ambalo katika uongo wangu wote sijawahi kulitunga. Wale sita waliweka ndoano chini. Kila mmoja akampa mwenzake mgongo, kama watu wanaojisaidia porini, akakunja mkono wa koti, akaweka kidole gumba juu ya kifundo. Midomo ilikuwa inahesabu bila sauti. Siku tatu bado, lakini walihesabu. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na hakuna aliyeulizwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya lundo la vumbi la mbao. Nilikuwa nimefunga mwezi wa tano, wa kwanza kabisa kuliko wote. Nikauegemeza ufagio ukutani, nikahesabu mpaka ishirini.